Bunduki Iliyomuua Mbwa Mwitu wa Mwisho
Sehemu ya Saba: Taji

"Rudia ulichosema! Rudia mbele ya mama yangu!"

"Nimesema mfalme hajawahi kuishika hii bunduki. Hata kuipita kwa mbali hajaipita."

"Na hilo taji je?"

"Taji ni taji."

"Bibi, usinichezee! Hilo taji nimeliona tangu nina miaka minne. Wewe umeliona kwa dakika kumi!"

"Dakika kumi zimetosha."

Msomaji, kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hujalimaliza, pole. Shika hapa tukimbie.

Anayepiga kelele ni Firmin Bodeux, miaka sitini na moja, wa kijiji cha Sart-Mahaut kule misituni. Anayemjibu bila kuinua kichwa ni Bi Georgette Hennuy, miaka sabini na mbili, fundi bunduki wa hapa mjini Liège. Bibi mwenyewe mdogo kama kuku, lakini akishika bunduki ya zamani anaisoma kama wewe unavyosoma matokeo ya mpira.

Na iliyolala katikati yao, kwenye meza yenye mafuta, mitutu imeshatenganishwa na mwili, ni bunduki ya marisau, mitutu miwili, ambayo Sart-Mahaut nzima inaijua. Ndiyo iliyomuua mbwa mwitu wa mwisho, mwaka 1889. Aliyeifyatua ni Lambert Bodeux, babu yake Firmin. Risasi moja, hatua themanini, kwenye theluji. Mfalme akasikia, akafurahi, akaigongesha taji. Hivyo ndivyo wanavyosema.

Sasa tuko Novemba 1989. Miaka mia kamili. Leo ni Ijumaa, na Jumapili ni misa ya Mtakatifu Hubert, siku ya wawindaji, mikate inabarikiwa, mbwa wanabarikiwa, kila mtu anakunywa. Na siku hiyo mwenye bunduki ya mbwa mwitu ndiye Kapteni wa msako. Anavaa koti la kijani, anapuliza baragumu, hata meya anamsubiri.

Firmin amelipuliza baragumu hilo miaka thelathini na moja. Siku zote nyingine za mwaka anazibua vyoo.

Umeelewa shida yake? Basi. Chama cha wawindaji mwaka huu kimesema, kwa kuwa ni miaka mia, iletwe karatasi ya fundi anayeijua kazi, isomwe mlangoni mwa kanisa. Karatasi isipokuja, baragumu linakwenda kwa makamu. Firmin kwa kiburi akasema, "Leteni hata mafundi kumi!" Akaapa tena kwamba baada ya misa ataifyatua mitutu yote miwili hadharani, kwa heshima ya babu.

Makamu ndiye aliyetoa wazo la karatasi. Anaitwa Armand Lecloux, mwenye bucha, tumbo mbele, na yuko humu humu ndani, amekaa kwenye stuli kama shahidi wa chama. Tangu Bi Georgette aseme habari za mfalme, Armand anatabasamu mpaka magego yanaonekana.

"Endelea, Bi Georgette," alisema. "Usimjali. Anapiga kelele hivyo hivyo hata akiwa ndani ya shimo la choo."

"Wewe nyamaza!" Firmin alimgeukia.

"Mimi ni shahidi. Nashuhudia."

Bi Georgette akamsogezea Firmin lenzi. "Njoo uone mwenyewe. Unaona duara lililobanwa kama yai? Ndani yake kuna herufi tatu. Hiyo ni alama ya jumba la majaribio la mji huu. Wanatia baruti nyingi kupita kiasi, wanafyatua, mtutu usipopasuka wanaupiga mhuri. Juu ya yai kuna nini?"

"Taji."

"Zamani yai lilikaa bila kofia. Mwaka 1893 wakaamua kulivika taji. Tangu hapo kila bunduki iliyopita pale ina taji. Ya padri ina taji. Ya jangili ina taji. Ya mtu aliyempiga mkwewe ina taji, ile niliitengeneza mwenyewe."

Armand alipiga paja. "Tisini na tatu! Na mbwa mwitu kafa themanini na tisa! Jamani, hii bunduki imeua kabla haijazaliwa!"

Firmin alihisi masikio yanawaka. Aliinama tena kwenye lenzi. Taji lilikuwepo, dogo kama kunguni, lile lile alilokuwa akilipangusa kwa kitambaa kila Jumamosi akidhani anapangusa mkono wa mfalme.

"Labda walilipiga baadaye," alisema. Sauti ilikuwa imeshuka.

"Labda. Ndiyo maana nikaangalia na maneno haya." Bi Georgette aliugeuza mtutu wa kushoto. "Soma."

Firmin alisoma kwa kukwama. Maneno yalikuwa matatu, yamelika kwa kutu. SI KWA RISASI.

"Maana yake nini, si kwa risasi? Bunduki isiyo ya risasi ni ya nini, ya kukorogea uji?"

"Ni ya marisau. Chembe ndogo ndogo, za ndege na sungura. Mdomo wa mtutu huu umebanwa kwa ndani ili chembe zisitawanyike. Ukisukuma risasi moja nzima inakwama pale pale palipobanwa. Mwenye bahati anapata uvimbe kwenye mtutu. Asiye na bahati anapata jeneza. Maneno haya yalikuwa onyo, na yalikoma kupigwa mwaka tisini na saba. Kwa hiyo bunduki yako, bwana, imezaliwa kati ya tisini na tatu na tisini na saba. Na haikutengenezwa kumpiga mbwa mwitu kwa risasi moja."

"Hatua themanini," aliongeza Armand, anachekea mkononi. "Kwenye theluji."

Mpaka hapo Firmin angeweza kuinuka, akaifunga bunduki yake kwenye blanketi, akaenda zake na aibu ya wastani. Mtu mwenye akili angefanya hivyo. Lakini tangu lini mtu anayeshindwa akaacha kucheza?

"Fungua kitako," alisema.

Bi Georgette alimtazama. "Cha nini? Nimeshajua ninachotaka kujua."

"Mimi sijajua! Babu Lambert aliandika jina lake humo ndani. Nyumba nzima kwetu tunajua. Kama jina lipo, tarehe zenu na mayai yenu hayanihusu. Fungua!"

Pembeni ya jiko la makaa, kwenye kiti pekee kizuri, alikaa Mama Octavie, mama yake Firmin, miaka themanini na nane. Hakualikwa. Wanaume walipotoka asubuhi walimkuta ameshaingia kwenye gari, na pai ya wali mapajani. Sasa alikuwa anaikata kwa kijiko, taratibu. Aliposikia neno "kitako" kijiko kilisimama.

"Firmin," alisema.

"Mama, subiri."

"Mwanangu, hicho kitako kiache."

"Mama, kula pai!"

Bi Georgette alichukua bisibisi nyembamba. Parafujo ya kwanza ililia. Ya pili ilikataa, akaidondoshea mafuta, akaisubiri, akaipigapiga kidogo kwa mpini, ikakubali. Bamba la chuma lilitoka na vumbi la kahawia.

"Zamani," alisema bibi, bila kumwambia mtu yeyote hasa, "bunduki moja ilipita nyumba kumi. Huyu anachonga mbao kwake, yule anachora nakshi kwake. Nyanya yangu alibeba mitutu mgongoni kutoka nyumba hadi nyumba, kwa kapu. Mchonga mbao akiogopa kuchanganya kazi za watu, anaandika jina la mteja kwa penseli, hapa chini ya bamba." Akapuliza vumbi. Akasogeza taa.

Akafuata herufi kwa ukucha.

"Lipo jina," alisema.

Firmin alirukia meza. "Nimesema! Nimesema mimi! Armand, njoo ushuhudie sasa, si wewe ni shahidi? Njoo!"

"Linasomeka Lecloux," alisema Bi Georgette. "A. Lecloux, Sart-Mahaut. Nani kati yenu anaitwa Lecloux?"

Hebu fikiria uso wa Firmin. Halafu mwache hapo, kwa sababu cha kutazama kilikuwa uso wa Armand.

Armand alishuka kwenye stuli. Tabasamu lilikuwa limeondoka. Alikwenda mezani, akasoma, akasogeza midomo kama mtoto wa darasa la kwanza. Akasoma tena. Kisha akanyoosha mgongo, na msomaji, naapa, alikuwa amerefuka.

"Aristide," alisema. "Babu yangu. Aristide Lecloux." Akaweka mkono juu ya bunduki, polepole, kama padri anayembariki mtoto. "Kwa hiyo ndiye yeye aliyemuua mbwa mwitu."

"Mbwa mwitu yupi?" Firmin alifoka. "Si umesema imeua kabla haijazaliwa!"

"Nilisema kwa utani."

"Bunduki ya tisini na tatu! Mbwa mwitu wa themanini na tisa!"

"Mwaka ndio uliokosewa. Watu wa zamani walikuwa hawajui kuhesabu. Kwani mwaka ni kitu gani?"

"Na taji? Kila jangili ana taji!"

"Usilidharau taji, Firmin. Ni alama ya taifa."

"Si kwa risasi! Imeandikwa hapo! Ni bunduki ya sungura!"

"Ndiyo maana alikuwa shujaa. Mwingine yeyote na bunduki kama hii angekimbia."

Dakika tano tu! Dakika tano nyuma huyu alikuwa anacheka na yule anailinda hadithi kwa meno. Sasa Firmin Bodeux, aliyekulia chini ya hiyo bunduki, anapiga meza akithibitisha kwamba haijaua kitu. Na Armand Lecloux, aliyetaka karatasi, hataki hata kuiona penseli ya Bi Georgette.

"Baragumu," alisema Armand, akanyoosha kiganja.

"Baragumu la nani?"

"Mwenye bunduki ya mbwa mwitu ndiye Kapteni. Kanuni ya chama. Bunduki ni yetu. Mmeikalia miaka yote hii, sijui mliipataje, labda babu yako aliichukua akiwa anatuzibulia choo."

Firmin alimshika ukosi. Armand alimshika mkanda. Stuli ilianguka, kopo la misumari likaanguka, na Bi Georgette akaikumbatia ile mitutu kifuani kama mtu anayeokoa mtoto kwenye moto.

"Alikuwa mbwa," alisema Mama Octavie.

Hakupaza sauti. Lakini wote wawili waliganda, mmoja ameshika ukosi, mwingine mkanda.

"Mbwa mwitu, Mama," alisema Firmin, akihema.

"Mbwa. Hilo la mwitu waliongeza wenyewe."

Moto ulipasuka ndani ya jiko. Mama Octavie alilamba kijiko, akakiweka ndani ya sahani, akafunika sahani kwa kitambaa. Alikuwa hana haraka. Alikuwa ameisubiri siku hii miaka sitini na sita.

"Mbwa wa nani?" aliuliza Armand.

"Wa padri. Mkubwa, wa kijivu. Jina lake Sultani."

"Mama, unaumwa," alisema Firmin.

"Naumwa magoti, kichwa changu kizima. Mama mkwe wangu, mke wa huyo Lambert mnayemwabudu, aliniambia wiki ya kwanza nimeolewa. Tulikuwa tunafua. Akasema, mwanangu, umeingia nyumba ya watu waongo, bora ujue mapema." Alimwelekezea Armand kidole. "Babu yako Aristide alikuwa muoga. Ilikuwa mwaka tisini na sita, theluji imejaa, akaona kitu cha kijivu kinatoka nyuma ya zizi. Akatia risasi nzima kwenye bunduki ya sungura, kwa woga. Akafyatua. Sultani akafa pale pale. Hatua themanini nani kasema? Hatua nane. Alikuwa anakuja kumlamba mkono."

Bi Georgette aliielekeza ile mitutu dirishani, akafumba jicho moja. Akaisogeza kidogo. Kisha akampa Firmin.

"Tazama kushoto. Karibu na mdomo."

Ndani ya mtutu mwanga ulikuja kwa duara safi safi, moja ndani ya nyingine, mpaka karibu na mwisho. Pale palikuwa na pete nyeusi. Kivuli. Kama nyoka aliyemeza yai.

"Huo ni uvimbe," alisema bibi. "Nilikuwa nimeuona tangu mwanzo, nikawa najiuliza mpumbavu gani alipitisha risasi humu. Sasa nimejua. Samahani, Bwana Lecloux."

Kwa mara ya kwanza siku ile, chuma na mdomo vilikubaliana.

"Halafu?" alisema Firmin. Akakaa kwenye ukingo wa meza. "Halafu ikafikaje kwetu?"

"Lambert alikuwa anapita na kuni. Akaona kila kitu. Aristide akampa bunduki na ngozi ya mbwa afunge mdomo. Kuhusu mbwa akaufunga. Kuhusu mbwa mwitu akaufungua, usiku ule ule, kilabuni. Si alikuwa na ngozi na bunduki? Wakamnywesha wiki mbili."

"Na mwaka? Kwa nini themanini na tisa?"

"Padri alikuja kijijini mwaka tisini na moja, na mbwa wake. Walipotundika ile ngozi kwenye nyumba ya meya, hapo ilipo mpaka leo, wazee walioitambua wakaona wakiandika tisini na sita, kuna mtu atakumbuka kwamba mwaka huo huo padri alizunguka vijiji vitatu akiita Sultani, Sultani. Wakarudisha nyuma, kabla padri hajafika. Mbwa akafa kabla hajaja." Akatikisa kichwa. "Na kila Novemba mnawapeleka mbwa kanisani wabarikiwe, mnawapitisha chini ya ngozi ya mwenzao."

Armand alikuwa amekaa chini, sakafuni, katikati ya misumari. "Ndiyo maana masikio yameinama," alinong'ona. "Tuliambiwa ni uzee."

"Mama." Firmin alikuwa na sauti ya mtoto. "Miaka yote hii. Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza? Mama leta kahawa. Mama koti langu la kijani liko wapi. Mama kula pai. Hilo la mwisho umelisema leo."

Armand hakumpa Firmin nafasi ya kujibu. Armand alikuwa anafikiri. Mtu anayefikiri kwa nguvu hivyo unamsikia. Alisimama, akapangusa suruali, akaiokota stuli, akaisimamisha vizuri, akamsogelea Firmin na kumshika bega. Bega lile lile ambalo robo saa nyuma alitaka kulichomoa.

"Kapteni," alisema.

Firmin alidhani amesikia vibaya. Miaka thelathini na moja Armand hajawahi kumwita hivyo bila kejeli.

"Unasemaje?"

"Sikiliza, mwenzangu. Mimi nina bucha. Nauza soseji. Jumapili watu wakijua babu yangu alikuwa muua mbwa, Jumatatu watasema nini kuhusu soseji zangu? Watabweka, Firmin. Watoto watapita mlangoni kwangu wakibweka. Mpaka nife."

"Na mimi babu yangu ni mwongo."

"Umeona? Tuko pamoja. Tunyamaze." Akashusha sauti, kana kwamba wanawake wawili waliokuwa hatua mbili kutoka pale wangepotea. "Penseli ile tunaifuta. Bunduki ni ya Lambert Bodeux, mwaka ni ule ule, mbwa mwitu ni yule yule. Baragumu puliza wewe, mpaka kifo. Mimi nitakuunga mkono kwenye kila kikao, na nitawanyamazisha wote. Nakupa na mkono wangu."

Firmin alimtazama. Kitu cha moto kilimpanda kifuani, na hakikuwa hasira. Baragumu! Analetewa na nani? Na Armand! Aliona koti la kijani, mlango wa kanisa, meya na kofia mkononi. Aliona Jumapili yake imerudi nzima, haina hata mkwaruzo.

"Na karatasi?" aliuliza.

"Tutasema haikuwahi. Bibi anaumwa."

"Siumwi," alisema Bi Georgette.

"Utapona Jumatatu. Firmin, bunduki ikilia, nani atauliza karatasi? Mitutu miwili, pa, pa, watu wanapiga makofi, wanaenda kunywa. Umeapa mbele ya kijiji kizima. Usipofyatua ndipo wataanza kuuliza kwa nini, na wakiuliza kwa nini wataitaka karatasi, na wakiitaka karatasi tumekwisha wote wawili. Kwa hiyo sharti ni moja tu, Kapteni. Ufyatue."

Bi Georgette aliinua mitutu kwa kidole kimoja, ikaning'inia hewani. Akaigonga kwa ukucha.

Mitutu mizima inalia kama kengele. Hii ilitoa sauti ya chungu chenye ufa.

"Umesikia?" alimwambia Firmin. "Risasi iliyounga mitutu katikati imeachia, ile ya kuungia chuma, si ya kupigia. Ndani kuna vishimo vya kutu naweza kutia punje ya mchele. Kwenye uvimbe chuma kimebaki wembamba wa gazeti. Chuma chenyewe ni cha kusokotwa, utepe juu ya utepe, na kilitengenezwa kwa baruti ya zamani, ile ya moshi mwingi. Leo unaingiza ganda la dukani, lenye nguvu mara ngapi sijui."

"Mtutu wa kulia je? Nikipiga wa kulia tu?"

"Wa kulia ni mbaya zaidi. Uvimbe hauna, lakini vishimo vyote viko huko."

"Labda haitapasuka."

"Labda. Inapopasuka hupasukia hapa." Alimshika mkono wa kushoto, akaugeuza kiganja juu, akauweka chini ya mitutu, mahali ambapo kila mwindaji huushika. "Namfahamu mtu wa bonde la pili alisema labda. Sasa anafunga vifungo vya shati kwa meno."

Aliuachia mkono, akavuta karatasi, akaandika. Hakuandika sana. Akaisoma kwa sauti kavu: "Imepigwa mhuri kati ya 1893 na 1897. Mtutu wa kushoto umevimba kwa risasi nzima. Mitutu yote miwili imelika. Isifyatuliwe tena. Habari za mbwa na mbwa mwitu sijui, mimi nasoma chuma." Akagonga mhuri wake. "Hii hapa. Ukitaka isome, ukitaka uwashie jiko. Ila uwongo siandiki, na penseli ya marehemu sifuti."

Karatasi ilibaki katikati ya meza, kati ya mitutu na kitako. Hakuna aliyeigusa.

"Mpe Armand hilo baragumu," alisema Mama Octavie. "Soma karatasi, watacheka mwezi mmoja, Krismasi watapata kingine cha kucheka. Twende nyumbani, baridi inaingia."

"Mimi silitaki!" Armand alipiga kelele. "Baragumu la nini? Nikilichukua watauliza nimelipataje!"

Miaka ishirini alikuwa amelililia.

Firmin alicheka. Kicheko kifupi, kimoja, kikavu. Kisha akamgeukia mama yake.

"Mama, wananiitaje kijijini?"

"Firmin."

"Sio wewe. Wao."

Mama Octavie alitazama sahani yake.

"Sema tu. Bodeux wa Vyoo. Mlango wa mbele siingizwi, nazungushwa nyuma, na baada yangu wanamwaga maji ya moto pale nilipokanyaga. Mimi sijali, kazi ni kazi. Lakini siku moja, Mama. Moja! Siku moja napita mlango wa kanisa na wao ndio wanaosogea."

"Na mkono wako?"

Firmin alianza kuiunga bunduki. Mitutu kwenye mwili, ubao wa chini, tiki. Bamba kwenye kitako, parafujo ya kwanza, parafujo ya pili, na jina la Lecloux likarudi gizani. Vidole vyake vyote kumi vilijua kazi hiyo vyenyewe, alikuwa hata hatazami.

"Karatasi yako, bwana," alisema Bi Georgette.

"Ibaki hapo."

"Firmin mwanangu, ichukue!"

Aliivaa kofia. Akafika mlangoni, akashika kitasa kwa mkono wa kushoto, akautazama kidogo ule mkono, halafu akauliza kama mtu anayeuliza njia ya posta:

"Duka la risasi siku hizi liko wapi?"

Bi Georgette alitikisa kichwa. Mama Octavie alikuwa anahangaika kuinuka, magoti yanamkatalia.

"Kona ya pili," alisema Armand haraka, "mkono wa kushoto." Kisha akakutana na macho ya Mama Octavie, akatamani kuyarudisha maneno mdomoni.

Firmin aliitupia bunduki begani, akageuka, akaondoka.